Wageni Mia Tatu wa Bujiku

Kwa Bujiku na mkewe Mariana, viazi vitamu ndiyo akiba ya nyumba. Kila Juni huvivuna, huvikata vipande na kuvianika juu ya mwamba mpaka vikauke viwe michembe. Michembe hiyo huwavusha wao na watoto watano hadi mvua irudi. Kijiji chao kiko upande wa Bulyanhulu, ambako kila mtu analima na kila mtu anaota dhahabu.

Mwaka juzi Bujiku alinunua simu janja. Akajiunga na ule mtandao mkubwa wa kijamii, ambao hata marehemu babu yangu angejiunga kama angekuwa hai. Wakati wa kula akawa anaitazama simu kuliko ugali.

Mwezi Mei, akipalilia viazi, jembe liligonga jiwe lenye chembe za njano. Ofisi ya madini iko mjini, safari ya siku nzima kwenda na kurudi. Akaona ni mbali mno. Basi akalipiga picha jiwe, akaituma kwenye kundi la wachimbaji mtandaoni: "Nimelipata shambani kwangu. Hii ni dhahabu?" Akataja na jina la kijiji. Alidhani ameuliza tu, kama mtu anavyomuuliza jirani.

Mmoja akajibu kuwa ni dhahabu. Mwingine akamwita huyo mjinga. Wakaanza kutukanana, na kadiri walivyotukanana ndivyo picha ilivyozidi kusambaa. Siku ya pili ilikuwa Geita yote. Siku ya nne wachimbaji wakaingia shambani na sululu, wengine wamebeba mahema kwenye bodaboda. Mariana aliwahesabu, akafika mia tatu, akachoka.

Aliwasihi wasikanyage matuta. Mchimbaji mmoja mtu mzima alimsalimu kwa heshima, kisha akamwonyesha simu.

"Mama, hatujavamia. Mwenye shamba ametutangazia mwenyewe."

Mariana alimgeukia mumewe. "Baba Loveness, ukialika watu mia tatu, uniambie mapema nipike."

 

Serikali ya kijiji iliwaondoa baada ya wiki moja. Waliacha mashimo arobaini na hawakuacha tuta hata moja. Afisa madini alikuja, akalipima lile jiwe. Halikuwa dhahabu. Lilikuwa jiwe la kung'aa tu.

Bujiku alikwenda kwa Mektilda, fundi simu wa pale senta, akaomba picha ifutwe. Mektilda aliifuta, lakini akamwambia ukweli: waliokwisha kuihifadhi wanayo bado. Bujiku akawaka. Yeye aliuliza kundi moja tu, nani aliyepeleka maneno yake Geita nzima?

"Watu walisambaza, na kampuni yenye mtandao huo ikawasaidia," alisema Mektilda. "Ilianzishwa na wanafunzi wachache wa chuo huko Marekani. Leo ina watu mabilioni, na wewe hujawahi kuilipa. Umejiuliza inakula nini?"

"Sijui."

"Inauza matangazo. Ukikaa sana kwenye simu, unaonyeshwa matangazo mengi. Kwa hiyo mitambo yake husukuma mbele kile kinachowafanya watu wabaki, na ugomvi unawabakiza. Mitambo haiulizi kama jiwe ni dhahabu. Haiulizi kama chini yake kuna viazi."

Kisha akamfundisha jinsi ya kuchagua nani aone picha zake. Akamwonya kwamba kundi la watu usiowajua ni kama mnadani, kila mtu anasikia. Usitaje mahali ulipo. Kwanza muulize mtaalamu, hata akiwa mbali.

Bujiku aliandika kwenye lile kundi: "Si dhahabu. Afisa madini amelipima." Watu wanne walijibu. Ile picha ya kwanza ilijibiwa na watu elfu tisa. Nikikumbuka hesabu hiyo nakasirika mpaka leo.

Mwaka ule nyumba ya Bujiku ilikula mara moja kwa siku kuanzia Septemba. Watoto wawili walipelekwa kwa bibi yao kule Didia, na mmoja akaacha shule.

Mwaka huu jirani yao, Jilala, alikuwa akichimba choo pembeni ya shamba lake. Akakuta jiwe linalong'aa, akatoa simu mfukoni. Bujiku alimshika mkono. Akamsimulia yote bila kujificha, kisha wakalifunga jiwe kwenye kitambaa na kwenda nalo ofisi ya madini. Nalo halikuwa kitu. Hakuna aliyekuja na sululu, na Jilala akavuna viazi vyake vyote.

Mariana alikwenda kusaidia kukata michembe, apate fungu la kupeleka nyumbani. Mageni, mke wa Jilala, alimshukuru sana.

"Mama Loveness, mumeo ametuokoa. Ana elimu kubwa."

"Anayo," alisema Mariana, akiendelea kukata. "Ada yake walilipa wanangu."