Maji Juu ya Nailoni

Soksi za Yumna zililowa. Farieda, mama yake, alimgombeza kwa kumwaga maji, na mtoto akaapa kwamba hajashika hata kikombe. Farieda akapiga magoti, akapapasa sakafu mpya. Mbao zilikuwa zinatoka jasho.

"Gasant! Njoo uone kazi yako!"

Mumewe, fundi seremala asiyejua kukubali kosa, alikuja na chai yake. "Ubao mpya huo, mke wangu. Unaizoea nyumba."

"Unaizoea au unaikojolea?"

Wakacheka, masikini.

Sakafu ile ilikuwa ya kuokoa kifua cha Yumna. Mtoto ana pumu, na mbao za zamani zilikuwa zimeoza, zinatoa vumbi. Gasant aling'oa zote, akatandika nailoni nzito juu ya udongo kuzuia unyevu, akapigilia mpya. Matundu ya hewa chini ya ukuta, yaliyopitisha baridi yote ya mtaa wao wa Bo-Kaap, akayaziba kwa saruji. Marehemu mama yake alikuwa akipuliza moshi wa ubani katika matundu hayo kila Alhamisi magharibi. Mambo ya kizee, alisema Gasant.

Ikaja harufu ya kisima kilichofunikwa siku nyingi. Farieda akatundika vifuko vya kunukiza vya majani ya mchungwa vilivyobaki kwenye Maulidi, harufu ikavimeza. Kisha mbao zikabinuka kingo, na chini yake akasikika mtu anavuta pumzi kwa taabu, na Farieda akipika, akifua, akiswali, akawa hasikii kingine ila pumzi ile ikipokezana na ya mwanawe chumbani, huyu akivuta yule akishusha, mpaka mchana mmoja ya chini ikakoma, na kifua cha Yumna kikatulia saa ileile, na yeye badala ya kushukuru akakimbia kumwita Imamu Toyer.

"Mlimzibia njia huyo aliyekuwa akipita kwenye matundu," Imamu alinong'ona. "Ng'oa, Gasant. Mfungulie aende zake."

Akaanza kusoma. Gasant akang'oa mbao. Juu ya nailoni maji yalikuwa yametuama. Akaichana kwa kisu, akapenyeza mkono.

"Mbona udongo mkavu?" aliuliza. "Unyevu wa ardhini ungekuwa chini ya nailoni. Maji haya yako juu."

"Maana yake nini?" aliuliza Farieda.

"Yametoka huku. Huku tuliko."

Imamu akaacha kusoma. "Mtoto yuko wapi?"

Yumna alikuwa amesimama mlangoni, miguu mitupu, anapumua vizuri kuliko siku zote za maisha yake. Nyayo zake zilikuwa zimeacha madimbwi.

"Baba, rudishia mbao," alisema. "Baridi inaingia."

Hapo, chini ya udongo mkavu, mtu akakohoa. Farieda alikijua kikohozi kile. Amekesha nacho miaka saba, kitandani kwa Yumna. Alijitupa chini akachimba kwa kucha, akiita, lakini udongo ulikuwa mgumu kama saruji, na kikohozi kilizidi kwenda mbali.