Sifuri za Mwalimu Opolot

Foleni ya forodha ya Busia, mpakani mwa Kenya na Uganda, ilikuwa imekwama. Akina mama wa samaki walisukumana na wenye mikokoteni, na katikati yao alisimama Selpher, gauni lake la kitenge cha kijani limemkaa vizuri, amekumbatia katoni ya vyombo vya kioo.

"Hii ni ya kupika pombe ya waragi?" afisa aliuliza, akiinua mrija mrefu.

"Hapana, afande," sauti ikajibu nyuma. "Hiyo ni bureti. Ya kupima kemikali."

Selpher akageuka. Kijana mrefu wa shati jeupe alikuwa anatabasamu.

"Umejuaje?"

"Mimi nafundisha kemia hapo chuoni Tororo, madam. Naitwa Opolot."

"Basi tunaenda pamoja. Mimi ndiye mwalimu mpya wa maabara."

Kabla muhula haujaisha, chuo kizima kilijua kwamba wawili hao wanapendana. Kila jioni, Selpher akishavuka kurudi kwao upande wa Kenya, simu yake ililia.

"Umefika, mpenzi?"

"Nimefika, Prof. Na wala sijakukumbuka."

"Uongo huo!"

"Haya, kidogo tu."

Jambo moja liliwagombanisha. Selpher alisahihisha akipita meza kwa meza, akimuuliza kila mwanafunzi kwa nini amefanya alivyofanya. Opolot alitazama jibu la mwisho tu.

Ikafika siku ya mtihani wa vitendo. Wanafunzi walipasha moto mchanganyiko wa zambarau hadi kiwango kimoja cha joto na kupima muda rangi inaochukua kufifia. Kikundi cha Selpher kilipata majibu yaliyokaribiana, yote mbali na jibu ambalo Opolot alikuwa amelipata mwenyewe asubuhi. Damu ikampanda.

"Haya yamepikwa," alisema mbele ya darasa zima. "Na mpishi ni mwalimu wao. Sifuri, nyote!"

Joanita, msichana mpole kutoka Sikuda, aliangua kilio. Selpher hakulia. Alivua koti lake jeupe, akalikunja, akaliweka mezani.

"Hata mwizi huulizwa kwanza, Opolot," alisema. Hakumwita Prof. Akatoka.

Kesho yake Opolot aliingia maabara peke yake, arudie jaribio na kujithibitisha. Alipokitazama kwa makini kipimajoto chake, aliona uzi wa zebaki umekatika katikati. Kilikuwa kinadanganya. Akachukua kingine, akaanza upya, akapata jibu lile lile la wanafunzi. Uso ulimwaka, ingawa hapakuwa na mtu wa kumwona. Alikumbuka kilio cha Joanita, akatamani sakafu ipasuke immeze.

Akapiga simu, mara ya kwanza, ya pili. Hatimaye ikapokelewa.

"Selpher, nimekosa. Kipimajoto changu ndicho kilikuwa kibovu. Nisamehe."

"Ulinitukana kwa simu?"

"Hapana."

"Basi." Akakata.

Jumatatu Opolot alisimama mbele ya darasa lile lile. Selpher, aliyekuja kuchukua vitu vyake, alisimama mlangoni.

"Majibu yenu yalikuwa sahihi," Opolot alisema. "Langu ndilo lilikuwa baya. Nilimwita mwalimu wenu mwongo bila kumuuliza hata swali moja. Joanita, nisamehe. Nisameheni nyote."

"Na mtihani wetu, mwalimu?" Joanita aliuliza.

"Atausahihisha madam, kwa njia yake. Akikubali."

Macho yote yakageukia mlangoni. Selpher akaingia, akalichukua koti lake jeupe, akalivaa.

Walipobaki wawili, Opolot alikuwa bado ameinamisha kichwa.

"Niangalie," Selpher alisema.

"Naona haya."

"Na mimi niliona haya mbele ya watoto wale. Bado inaniuma, usidhani imeisha."

"Najua. Mimi nilikuwa nataka Desemba nikuje kwa wazazi wako, niseme nataka kukuoa. Sasa nitaingia kwenu na uso gani?"

Selpher akamshika kidevu na kukiinua.

"Na huo huo," alisema. "Mwingine huna."