Shairi Lisilofutika

Simu ya Bertila ilianguka kwenye tope la soko la Makambako saa tano asubuhi, siku ya gulio, katikati ya watu waliokuwa wakigombea viazi. Aliiokota, akaifuta kwa upindo wa kitenge, akaibonyeza. Kioo kilibaki cheusi tii.

Fundi simu wa karibu alikuwa kijana mrefu aliyefunga koti la jinzi hadi shingoni. Aliitwa Kasimiri, mtu wa Mlangali. Alikuwa ameinamia daftari, midomo ikicheza bila sauti.

"Kamwene, kaka. Unahesabu nini?"

"Mizani, dada. Naandika shairi."

"Mimi nimeleta simu, sikuleta shairi."

"Kaa hapo. Vyote vinatengenezwa."

Bertila alicheka bila kutaka. Alivaa sweta jekundu la shingo ndefu, alilolifuma mwenyewe. Kwao ni Iwawa, lakini aliishi Njombe mjini, chumba na sebule, na sebule yote ilikuwa ya mashine yake ya kufumia. Shule tatu zilivaa masweta yake. Kasimiri aliikausha simu, akaijaribu, akaifungua tena ingawa ilikwisha kupona. Alitaka mwenye sweta akae.

"Kiasi gani?"

"Nipe namba, nijue kama mgonjwa anaendelea vizuri."

"Si unayo simu mkononi? Jipigie."

Akajipigia.

Tangu siku hiyo walipigiana kila jioni. Jumapili Kasimiri alipanda kwenda Njombe, viatu vimeng'arishwa, mashairi mfukoni. Lile la sweta aliliandika wiki ileile:

*Sufu nyekundu shingoni, baridi imekimbia,*
*Umenifuma moyoni, uzi wanizungukia.*

Aliliweka Barazani. Huo ni mtandao wa kijamii wa blokcheni: kumbukumbu zake hazikai kwa kampuni moja, zimo kwenye kompyuta nyingi duniani zilizofungamana kama mnyororo. Wasomaji hupiga kura, na kura huleta tokeni zinazoweza kubadilishwa kuwa shilingi. Shairi la sweta lilipitiwa na tajiri mmoja wa humo, mwenye kura nzito. Kasimiri akapata laki moja na ishirini.

"Shairi moja?" Bertila aliuliza, macho yamemtoka.

"Moja, mpenzi. Miezi mitatu tu, utasahau kama uliwahi kufuma sweta."

Hakusema kwamba alikuwa ameandika mashairi hamsini na matatu, na mengine yote hayakumpa hata bando la wiki. Kulisema hilo mbele ya yale macho kulimshinda. Alikuwa kijana aliyejifunza ushairi peke yake, akichekwa na ndugu zake, na hatimaye mtu mmoja alimtazama kama mshindi.

Akamfungulia akaunti. Akamwandikia ufunguo wake wa kuingilia, herufi nyingi zisizo na maana. "Ukiupoteza, hakuna ofisi ya kwenda kulalamika."

"Na nikinunua tokeni, halafu nikataka pesa yangu?"

"Ukitaka kura yako iwe na uzito, unazifunga tokeni. Kuzitoa ni wiki kumi na tatu. Kidogo kidogo, kila wiki."

"Mna masharti kama wakwe," Bertila alisema, na ikaishia hapo.

Alhamisi moja ya Juni, baridi ikiuma masikio, simu ya Kasimiri iliita.

"Mshairi wangu, nimepata mteja wa mashine."

"Mashine ipi?"

"Ninayo ngapi? Mama Fidelia wa Mdandu anakuja Jumamosi saa nne na kirikuu la mizigo. Nimeweka picha za masweta Barazani miezi miwili, hata kura moja ya maana sijapata. Nimeshaelewa tatizo. Sina tokeni, kura yangu haina uzito, wakubwa hawanioni. Nauza mashine, nanunua tokeni, nazifunga zote."

Kasimiri alisimama. Wiki kumi na tatu bila mashine, bila pesa, wakati shule zinatafuta masweta. Na tokeni zinaweza kushuka bei hata kesho.

"Usiiuze."

"Kwa nini?"

Jibu lilikuwa ulimini: kwa sababu nilikudanganya. Akalimeza.

"We usiiuze tu, Bertila."

"Sababu?"

"Mambo ya Barazani huyajui wewe. Umeanza juzi."

"Aa. Kumbe unataka ubaki huko juu peke yako. Unaogopa mwanamke akikupita."

"Unipite mimi? Kwa kipi?"

"Basi utaona," akasema, akakata.

Kasimiri aliibwaga simu kwa hasira. Daftari lilikuwa mezani, kalamu ilikuwa mezani. Dakika ishirini baadaye shairi lilikuwa Barazani:

*Mfuma sweta kaona ameshakuwa mshindi,*
*Kaishika simu jana, leo ajiita fundi...*

Beti nne, kila moja kali kuliko iliyotangulia. Kura zikaanza kumiminika, nyepesi zote, za watu wasio na tokeni. Watu wasiomjua Bertila wakacheka kwa lugha tano. Kufikia magharibi shairi lile lilikuwa na kura nyingi kuliko yote aliyowahi kuandika, isipokuwa lile la sweta, na kila kura ilimchoma.

Akabonyeza pa kufuta. Likatoweka machoni, lakini alijua: kwenye mnyororo limebaki, na kila anayejua pa kutazama atalikuta. Ujumbe wa Bertila ukaingia.

"Nimelisoma kabla hujalificha."

Kasimiri alipiga simu mara tisa. Haikupokelewa hata moja.

Jumamosi aliingia Njombe ukungu ukiwa bado umelalia mapaa. Alipofika kwa Bertila, kirikuu lilikwisha kugeuzwa kinyumenyume mlangoni. Mama Fidelia, mnene, amejifunga khanga juu ya koti zito, alikuwa akimwelekeza dereva. Bertila alisimama kando ya mashine, amevaa lile sweta jekundu, macho yamevimba.

"Mama, naomba dakika tano," Kasimiri alisema.

"Wewe nani?"

"Ni mshairi," Bertila alijibu kwa baridi. "Anatunga kuhusu wafuma sweta."

Kasimiri aliitoa simu, akafungua ukurasa wake wa Barazani, akamnyooshea Bertila.

"Anza chini kabisa. La kwanza. Soma mapato."

Bertila alisita, akashika. Alipandisha ukurasa kwa kidole. "Sifuri. Sifuri. Shilingi arobaini. Sifuri." Akaendelea, sauti ikipungua. "Kasimiri, haya ni mangapi?"

"Sitini na manne, pamoja na lile la Alhamisi. Miezi kumi na moja. Lililolipa ni lako peke yake, na ni bahati, tajiri alipita njia. Nilikuonyesha hilo tu."

"Sasa mimi nauziwa au siuziwi?" Mama Fidelia aliuliza.

"Alhamisi nilikuuliza sababu," Bertila alisema. "Nilikuuliza mara mbili."

"Ningekuwa mdogo machoni pako."

"Ukaona heri unidogoshe mimi. Mbele ya dunia nzima."

Bertila alimrudishia simu, akamgeukia mgeni. "Mama, nisamehe. Mashine siuzi."

"Nimechoma mafuta kutoka Mdandu, mwanangu."

"Nitakufumia sweta. Bure."

"Mawili. Na huyu mshairi asinitunge." Akapanda kirikuu, likaondoka likirusha matope.

Walibaki wawili na mashine.

"Lifute kabisa," Bertila alisema.

"Halifutiki. Huko hakuna kufuta."

"Kwa hiyo wajukuu wangu watalisoma."

"Watalisoma. Lakini wakilisoma, walikute na jingine baada yake."

Aliketi kwenye kigoda, akaandika. Safari hii hakuhesabu mizani. Bertila alisimama nyuma yake, akisoma juu ya bega.

*Mgeni wa Barazani, mimi Kasimiri fundi simu nakuambia: miezi kumi na moja, mashairi sitini na manne, lililolipa ni moja. Usiuze kinachokulisha ili uje huku. Njoo kama unapenda kuandika na kusoma wenzako, ukipata kitu shukuru. Usiandike ukiwa na hasira. Niliandika shairi kabla ya hili kuhusu mwanamke aliyekuwa ameuliza swali la haki, nami sikuwa na ujasiri wa kumjibu. Nilikuwa mwongo.*

"Ongeza kwamba masweta yake ni mazuri," Bertila alisema.

Akaongeza, akabonyeza. Likaingia kwenye mnyororo, nalo pia lisitoke tena.

"Bertila, hao wajukuu, ningependa wawe wetu. Nikija na wazee Iwawa, watanipokea?"

Bertila alichukua futi ya kupimia, akaizungusha kifuani kwa Kasimiri, akaandika namba kwenye kipande cha karatasi.

"Ulisema tokeni zikishafungwa hazitoki siku moja."

"Ndiyo."

"Na moyo wangu niliufunga Alhamisi. Wiki kumi na tatu, Kasimiri. Kidogo kidogo, kila wiki. Ukija zote, utaenda Iwawa umevaa sweta hili. Ukikosa moja, nalifumua."

"Naanza lini?"

Bertila aliketi kwenye mashine, akavuta uzi mwekundu, akaupitisha kwenye sindano.

"Ya kwanza ni kesho. Ibada inaanza saa moja, usichelewe."