Njia Zilizoonekana Kutoka Juu

Haki ya Mungu, haya yalitokea, wala sikutia chumvi hata ya kuonja; atakayenikamata nimetia, achukue jogoo wangu. Ilikuwa mwaka 1956, katika kitongoji kimoja karibu na kijiji cha Mamba. Kalista, msichana wa miaka kumi na miwili, alikuwa akitwanga mpunga baada ya masomo kama kawaida yake, mara akamsikia baba yake, Baltazari, akifoka uani.

"Pori? Hapa ninapolala na wanangu ni pori?"

Mbele yake alisimama Sadalla, karani wa misitu kutoka Mpanda, kaptula imepigwa pasi utadhani ubao. Mkononi alikuwa na picha kubwa iliyopigwa na eropleni mwaka uliotangulia.

"Bwana Baltazari, usinifokee. Picha haina nyumba, ni miti mitupu. Huu ni msitu wa serikali. Nyie mtahama kabla ya mvua."

"Na mashamba yangu ya mpunga?"

"Mashamba gani? Hapa naona bonde kavu tu."

"Si mlipiga kiangazi! Nani alipiga?"

"Watu wa ramani. Sisi tumeazima. Kesho wanaiazima watu wa mifugo."

"Mnaazimana macho!" Baltazari alizidi kufoka. "Ofisi tatu, na hakuna hata mmoja aliyechafua kiatu kuja kututazama! Picha yenu ni ya uongo!"

Kalista aliutupa mchi. Alimkasirikia karani, lakini alimkasirikia baba yake zaidi. Mwaka ule uliotangulia, eropleni ilipozunguka juu yao kwa siku tatu, watu walivumisha kwamba inahesabu mapaa ili kila paa litozwe kodi. Baba ndiye aliyewaamuru wote wakate matawi na kufunika nyumba. Kalista mwenyewe alipandishwa juu ya paa.

"Baba, picha haisemi uongo. Sisi ndio tulioficha nyumba."

"Nyamaza! Unataka nifungwe?"

"Tukinyamaza tunahama!" Machozi yakamtoka. Akamgeukia Sadalla, akaweka kidole juu ya picha. "Nyumba tulifunika, karani, lakini njia hatukufunika. Hii inatoka mtoni, hii kisimani, hii Mamba. Zote zinakutana hapa kwenye miti. Nani anateka maji ampelekee mti?"

Sadalla aliinama. Kweli, mistari myembamba myeupe ilikutana katikati ya lile "pori" lake.

Baltazari alishusha pumzi. "Niliamuru mimi. Andika jina langu."

"Nitaandika," alisema Sadalla kwa sauti ndogo. "Na mpaka nitaupima kwa miguu yangu."

Aliupima. Mpaka wa msitu ukasogezwa nyuma ya mashamba, na hakuna aliyehama. Baltazari aliitwa barazani, akakaripiwa mbele ya watu wote. Alirudi nyumbani bado amenuna, akamwita binti yake.

"Mwanangu, wale wenye picha nina hasira nao mpaka leo. Wangekuja kutuuliza. Lakini pori lile niliwapa mimi. Anayetaka kukuonea, ukijificha unamrahisishia kazi. Jitokeze, useme kweli, tena kwa sauti, kama ulivyosema wewe."

Na huyo Sadalla, wakati wa kupima, alikwenda mbio kutoka Mamba hadi mtoni bila kupumzika hata mara—

"Muongo wewe!" Kalista, ambaye sasa ni bibi na jirani yangu hapa Kawajense, amenidaka. "Alipumzika mara nne, na maji nilimpa mimi!"

Basi. Nimemkamatia jogoo wangu mwekundu, naye ameondoka naye kwapani.