Fundi na Goti la Binti Yake

Kila asubuhi binti wa fundi cherehani alitoka chumbani akichechemea, mkono ukutani.

"Bibi kizee kaamka!" baba yake alimtania huku akikanyaga cherehani. Nyumba nzima ilicheka. Binti, mwenye miaka saba, alicheka pia. Jua likipanda, goti lililegea akacheza. Basi nani angehangaika?

Miezi ikapita. Fundi akampima suruali mpya ya shule. Lo! Mguu wa kushoto ulizidi wa kulia. Akapima tena, vilevile. "Uzee huu, macho yamechoka," alijisemea. Akashusha pindo la kushoto, kazi ikaisha.

Siku moja jirani yao, nesi wa kliniki ya watoto, alikuja kushonewa sare. Akamwona binti akichechemea. Akaligusa goti la kushoto. Limevimba, lina joto.

"Fundi, hili limeanza lini?"

"Ah, mwaka jana hivi. Watoto hawakosi kuanguka."

"Hii si ya kuanguka. Nahofia ni baridi yabisi."

"We nesi nawe! Si ugonjwa wa wazee huo?"

"Hata watoto unawapata. Goti likivimba na kukakamaa asubuhi kwa wiki nyingi, mpeleke mtoto hospitali. Uvimbe ukikaa mno, mguu ule hurefuka kuliko mwenzake."

Fundi akautazama mguu wa kushoto. Mguu ule aliupima kwa mikono yake mwenyewe, mara mbili! Kumbe alitengeneza nguo, akamwacha mtoto.

Kesho yake walikwenda. Daktari akapima, akathibitisha.

"Tutachoma dawa ya kutuliza uvimbe ndani ya goti. Tutamlaza usingizi kwanza, hatasikia maumivu."

"Sindano ya goti haitamlemaza, daktari?"

"Hapana, mzee. Kuchelewa ndiko kunakolemaza. Atapumzisha goti siku moja mbili. Nafuu huweza kudumu miezi, na ikibidi tutarudia. Macho yake nayo yapimwe kila mara, ugonjwa huu huyaingia kimyakimya."

Wiki mbili baada ya sindano uvimbe ulikwisha. Asubuhi moja binti alitoka chumbani mbio, moja kwa moja hadi uani.

Fundi alifurahi, lakini moyo ulimuuma. Mguu wa kushoto ulibaki mrefu, na kiatu cha kulia kiliongezwa soli.

"Nisamehe, mwanangu," alisema akimfunga kamba za kiatu. "Mwaka mzima unaumwa, mbona hukuniambia?"

Binti alimtazama kwa mshangao.

"Nilidhani kila mtu huumwa akiamka, baba."