Bakuli la Vigae Kumi na Kimoja

"Baba, nani anapoteza muda kufunga vigae kimoja kimoja, kila kimoja na kitambaa chake?"

Aliyeuliza ni binti wa fundi saa, ambaye chuoni walimbandika jina la Wakili kwa ulimi wake kwenye midahalo. Baba yake alikuwa anafungua kitambaa cha nne, macho yakimng'aa kama ya mtoto. Kutoka jikoni mama alisema kwamba iko siku watu wa nyumba hii watalala nje ili kofia za chuma zilale ndani.

Hakuwa anatia chumvi. Sebule ilijaa vitu vya enzi za vita vya wakoloni: kofia, chupa za maji za askari, beji zilizokula kutu, na kabati la vioo lenye vyombo vya kauri ambavyo maafisa walivitumia kulia chakula wakiwa porini. Wakili alilichukia kabati lile kuliko vyote. Mara ngapi alishamwambia baba yake kwamba maafisa hawakubeba sahani zao wenyewe? Zilibebwa na watu waliopewa konzi ya unga kwa siku, wakaanguka njiani kwa njaa, na hakuna aliyejisumbua kuhifadhi hata majina yao. Fundi saa humsikiliza mpaka mwisho, humwambia ameongea vizuri sana, kisha hurudi kufuta vumbi.

Vigae alivipata kwa mjane aliyekuwa anahama. Mjane alieleza tu kwamba marehemu mumewe alivitawanya nyumba nzima, kimoja chumbani, kingine stoo, na hakutaka vikutane. Mtu mwingine angesita. Lakini fundi saa ukimwonyesha kitu kilichovunjika haoni onyo, anaona kazi. Alivaa lenzi jichoni, akashika kibano, na kwa siku tisa akaunga bakuli la supu. Kigae cha kumi na kimoja kikamchana kidole gumba, damu ikaingia kwenye gundi na kukaukia humo. Alicheka, akasema sasa bakuli lina sahihi ya fundi.

Kesho yake, mchana, wakiwa mezani, walisikia kijiko kikikwangua kauri ndani ya kabati. Taratibu, kama mtu anayetafuta tone la mwisho. Mama aliacha kutafuna. Kabati lilikuwa limefungwa, na ndani yake hamkuwa na kijiko.

"Panya," baba alisema.

"Panya anayekula na kijiko?" Wakili aliuliza kwa sauti ya chini.

Ikafuata harufu, ya majani mabichi yaliyochemshwa na nguo zilizonyeshewa wiki nzima, iliyokuja kila sufuria ilipofunuliwa na kukaa mezani kama mgeni asiyeaga. Kisha fundi saa akaanza kula. Alikula sahani yake, akala ya mkewe, akala ukoko akiwa amesimama jikoni, na kadiri alivyokula ndivyo shati lilivyozidi kumpwaya, mashavu yakabonyea, mikanda ikatobolewa matundu mapya, mpaka mkewe aliyezoea kumtania kwa kitambi chake akawa anamfunga vifungo, huku yeye akimuuliza kwa upole, kama mtu anayeona haya, kama kuna chochote kilichobaki.

Wakili hakuvumilia. Alilitoa bakuli kabatini akaligonga kwenye fremu ya mlango. Kipande kidogo kiliruka ukingoni, na palepale akasikia baba yake akiguna mezani. Alipogeuka, mzee alikuwa ameshika meno yake mawili kiganjani, makavu, hayana hata tone la damu.

Ndipo wakamwita mama mmoja anayesifika kwa kutoa majini. Alikuja asubuhi na mkoba wake begani, akalitazama bakuli kutoka mlangoni, akagoma kuingia.

"Nani ameliunga?"

"Mimi," alijibu fundi saa.

"Ulijikata?"

Mzee aliinamisha kichwa. Yule mama akashusha pumzi, akawaeleza kwamba huyu si mzimu wa afisa wala wa mbeba mizigo. Ni jini aliyefuata msafara wa wale wabebaji akinywa njaa ya watu mpaka ikawa yake. Waliomweza walimvunja mdomo, ndilo bakuli hili, na kutenganisha vipande. "Sasa mmemrudishia mdomo, na tumbo mmempa la mzee. Bakuli likivunjwa, mzee naye anavunjika. Litafunguliwa na mkono uleule uliolifunga, kiungo kwa kiungo."

Wakachemsha maji ya kulegezea gundi. Fundi saa alilegeza kigae cha kwanza, akakitoa, akashika cha pili. Na mkono wake wa kushoto, wenyewe, ukakirudisha kile cha kwanza mahali pake. Alijaribu mpaka vidole vikababuka. Mkewe alimshika ule mkono kwa nguvu zake zote, ukamburuta. Walipoinua macho, mama wa majini alikuwa ameshaondoka bila kuaga.

Jioni ile Wakili alipiga magoti mbele ya baba yake akamkabili aliyemo ndani. Alimwambia kwamba waliowanyima watu chakula wamekufa zamani, kwamba huyu mzee hakumnyima mtu kitu, kwamba kumtesa fundi saa kwa dhambi ya maafisa ni dhuluma ileile. Alipanga hoja vizuri kuliko siku zote. Mzee alifumbua mdomo, na kutoka kooni mwake kikasikika kijiko kikikwangua kauri.

Kilipotulia, macho yakawa ya baba kwa muda mfupi. Alimtazama binti yake mikononi, shingoni, mashavuni, akameza mate, kisha akafumba macho haraka.

"Mchukue mama yako mwondoke sasa hivi," alinong'ona. "Na nikikuita, mwanangu, naomba usiitike."