Mwanangu Alinituma Chai, Niliporudi Amekalia Kiti Changu

Sinia lilikuwa mikononi, vikombe vimejaa mpaka ukingoni, mvuke wa maziwa unanipanda usoni. Nikausukuma mlango kwa kiwiko...

Kwenye kiti changu cha uenyekiti alikuwa amekaa Lemburis. Mwanangu. Niliyemzaa mimi mwenyewe.

Wanaume wote waliokuwemo wakaanza kuangalia viatu vyao.

"Yeyo," akaniambia, yaani mama, "usimaindi. Tumeshapiga kura. Weka chai hapo."

Wajukuu zangu mnaosoma hapa, ngoja niwapeleke taratibu.

Kituo chetu cha kukusanyia maziwa kiko Oldonyo Sambu, upande ule wa mlima Meru wenye upepo na vumbi. Tulikianzisha mimi na akina mama wenzangu. Tulipita boma kwa boma, wanaume wanatucheka, wanatuita kamati ya vibuyu. Siku tangi la kupozea lilipoletwa, linang'aa kama sufuria ya harusi, kicheko kikaisha. Wakaanza kukimezea mate kiti.

Mkutano wakauweka siku ya soko. Akina mama wote wako sokoni, nimebaki mimi. Kabla hatujaanza, mwanangu akasema wazee wana baridi, yeyo tuchemshie chai. Na mimi, mama wa watu, nikainuka. Hata tangawizi niliponda.

Kumbe...

Mzee Sironka, aliyeupika mpango wote, akasafisha koo.

"Mama Lemburis, si kwa ubaya. Kwa mila zetu mwenye ng'ombe ndiye anayeongoza. Na ng'ombe ni wa mwanaume."

"Mila zetu?"

"Mila zetu."

"Tuzifuate zote, mzee, au hiyo moja tu?"

"Zote."

Wakaitikia na wenzake. Zote, zote.

Nikawagawia chai mmoja mmoja bila kumwaga hata tone. Mwanangu nikamkorogea sukari anavyopenda. Nikaaga kwa adabu, nikatoka.

Moyoni nilikuwa nawaka, ila usoni natabasamu. Maana wazee wale walisahau kitu.

Kwetu ng'ombe ni wa mwanaume, sawa. Lakini maziwa ni ya mama wa boma. Yeye ndiye anayekamua, yeye ndiye anayeamua yaende wapi. Mwanaume akionekana na kibuyu cha maziwa, atachekwa mpaka kaburini.

Jioni nikaenda kwa mkwe wangu Nashipae, mke wa huyo huyo Lemburis. Nikamweleza yote. Alikuwa anasafisha kibuyu kwa mkaa wa mzeituni, wala hakuinua kichwa.

"Yeyo," akasema, "hawa niachie mimi."

Kesho yake tangi likashinda tupu. Kesho kutwa, tupu. Kila boma maziwa yanagandishwa, asubuhi loshoro, jioni loshoro, mahindi na mgando mpaka watoto mashavu yakavimba.

Gari la mjini la kubeba maziwa likaja, likageuza. Dereva akasema likirudi tena bure, tangi linahamishiwa Kisongo.

Yaliyotokea kwa Lemburis alinisimulia Nashipae mwenyewe, mbavu sina.

"Mama," akamwambia mkewe, "kamua basi. Gari linakuja."

"Ng'ombe ni wako, baba. Kamua."

"Mimi?"

"Maziwa ni yangu. Mila zote, si mlisema?"

Akajaribu. Ng'ombe amezoea mikono ya Nashipae. Akageuza shingo, akamtazama huyu mgeni, kisha akamtandika teke la gotini.

Basi mwenyekiti akapita barabarani anachechemea, ndoo tupu mkononi, na akina mama wamekaa nje ya kanisa wanamsalimia kwa heshima zote.

"Mwenyekiti, za kukamua?"

Siku hiyo hiyo akaja kwangu.

"Shikamoo, yeyo."

"Marahaba."

"Yeyo, yaishe. Tangi litaondoka."

"Likiondoka, wewe utakuwa mwenyekiti wa nini?"

Akainama, akalipapasa lile goti.

"Itisha mkutano," nikamwambia. "Isiwe siku ya soko. Na anayeleta maziwa kituoni ndiye atakayepiga kura."

"Sawa."

"Na chai utachemsha wewe."

"Yeyo, mbele za watu?"

"Jikoni, mwanangu. Watu watakuwa mkutanoni."

Siku ikafika. Akina mama wakajaa mpaka madirishani. Lemburis akaenda jikoni. Kuni za siku ile nilizichagua mimi mwenyewe, mbichi, zile zinazotoka povu. Tukawa tunamsikia anakohoa huku sisi tunaendelea na ajenda.

Mzee Sironka akajikuna kidevu. "Basi mama arudi kwenye kiti chake, tuyamalize."

Nikasimama. Wote wakajua nakwenda kukaa.

"Kiti sikitaki," nikasema. "Namtaja Nashipae."

Mikono ikapanda ukumbi mzima. Hata wa Sironka, asiye na kura, ulipanda, polepole, kama mtu anayenyoosha bega linalomuuma.

Mlango ukasukumwa kwa kiwiko...

Lemburis huyo, sinia mikononi, majivu mpaka kwenye nyusi. Akamtazama mkewe pale kwenye kiti. Akanitazama mimi.

"Usimaindi, baba," Nashipae akamwambia. "Tumeshapiga kura. Weka chai hapo."

Nikachukua kikombe, nikaonja.

"Imepungua sukari. Rudi nayo."

Akarudi nayo.

Binti zangu mlioko maofisini huko mjini, nawaambia hivi. Mkiwa kwenye mkutano, anayekutuma chai mwambie atangulie yeye, utamfuata. Na kama umeshakwenda na kiti kimeshakaliwa, usilie mbele yao. Gawa chai. Kisha ukatafute ni kitu gani unakishika wewe kila siku ambacho wao hawawezi hata kukigusa. Ukikipata, kiachie.

Mnauliza kama nimemsamehe mwanangu. Nimemsamehe, ni damu yangu. Kila mkutano chai anachemsha yeye, na siku hizi anaweka hata tangawizi.

Ila kuni bado namchagulia mimi.